Ndoa na madrasa si adhabu ya kufeli mtihani

Kuanzia katikati ya mwezi wa Oktoba, daftari la maombi ya dua katika msikiti wetu hubadilika sura. Miezi mingine ya mwaka kurasa zake hujaa wagonjwa, wasafiri, mahujaji, na marehemu wanaoombewa na watoto wao. Ikifika Oktoba, tunaandika mstari baada ya mstari maneno yaleyale: kijana wetu wa kidato cha nne, binti yetu wa kidato cha nne, wajukuu wawili wa kidato cha nne, mmoja anarudia. Wapo wazazi wanaokuja na kalamu zilizofungwa kwa mpira wakitaka zisomewe. Wapo wanaokuja na chupa za maji. Juu ya mambo hayo masheikh wetu wana maneno yao, na hapa si mahali pake. Tunachotaka kukizungumza ni sentensi moja ambayo tumeisikia kutoka kwa wazazi wengi mno, wanaume kwa wanawake, mara tu tunapomaliza kuandika jina la mtoto. Husemwa kwa kicheko, lakini mtoto akiwa amesimama palepale: "Ustadh, huyu akifeli nakuletea wewe."

Maana yake haihitaji tafsiri. Akifaulu, ataendelea na masomo. Akifeli, ataletwa madrasa asome dini. Kwa binti, sentensi hiyo huwa na mwisho mwingine: "Akifeli, naozesha." Kwa kijana ambaye hata Qur'ani hakuipenda, huwa ni gereji, au pikipiki ya mkopo. Mzazi husema, sisi huitikia kwa adabu, daftari hufungwa, na mtoto huondoka na hukumu yake kichwani kabla hajaandika namba ya mtihani juu ya karatasi.

Kabla ya kulaumu, inafaa tueleze hofu ya wazazi hawa inatoka wapi, kwa sababu si hofu ya kijinga. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne. Lakini mzazi anayesomesha anajua kuwa ada ni mlango wa mbele tu. Gharama zimejaa uani. Kuna sare, madaftari, nauli ya kila siku, chakula cha mchana, tuisheni ya jioni, na makambi ya wiki za mwisho ambayo shule nyingi huyaandaa kwa michango. Mama anayeuza vitumbua ameyalipa hayo kwa miaka minne, shilingi juu ya shilingi, na wala hajui kilichomo ndani ya madaftari yale, kwa kuwa masomo karibu yote yako katika lugha ambayo yeye hakufundishwa. Mwezi wa Novemba ndipo anapoambiwa kwamba sasa hesabu inafungwa. Mtu wa namna hiyo akitisha, anatisha kwa sababu yeye mwenyewe ametishika.

Na wengi wao hawajapata kuelezwa mtihani wenyewe unavyohesabiwa. Tumeona ni vyema tuueleze hapa kwa ufupi. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa alama ya A kwa mtahiniwa aliyepata 75 na kuendelea, B kuanzia 65, C kuanzia 45, na D kuanzia 30; chini ya hapo ni F. Kila alama ina pointi zake, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, na huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Anayetaka kuingia kidato cha tano anahitaji walau C tatu. Lakini vyuo vya kati, vinavyosimamiwa na NACTVET, hupokea wanafunzi wa kozi nyingi kwa ufaulu wa masomo manne, na D ni ufaulu. Katika masomo hayo manne, somo la dini halihesabiwi, na jambo hili familia za Kiislamu zinapaswa kulijua mapema. Mtoto aliyepata A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu na D tatu nyingine ana ufaulu wa masomo matatu mbele ya chuo, si manne.

Kwa hiyo kati ya "kufaulu" na "kufeli" kama tunavyoyatamka barazani, kuna ngazi nyingi. Mzazi asiyezijua huona mlango mmoja tu, kidato cha tano, na kila anayebaki nje yake humhesabu kuwa amepotea.

Miaka michache iliyopita, kijana wa jirani na msikiti alitoweka nyumbani siku matokeo yalipotoka. Baba yake, mtu wa safu ya mbele na mwenye mkono mwepesi wa kutoa, alikuwa amemwambia tangu mtihani wa utamilifu: ukileta daraja la nne, usirudi katika nyumba hii. Tunaamini hakukusudia. Ni maneno ambayo baba husema akidhani yanasukuma. Kijana aliyachukua kama yalivyosemwa. Alitafutwa kwa siku tatu, hospitalini, vituoni, kwa marafiki, na mama yake hakutoka katika mswala. Siku ya nne alipatikana kwa mjomba wake, ambako alifika kwa miguu kwa sehemu kubwa ya safari, akiwa na begi la shule lenye nguo mbili na cheti cha kuzaliwa.

Cheti cha kuzaliwa. Tuliuliza kwa nini alikichukua hicho. Alisema alitaka kitu cha kuonyesha yeye ni nani, endapo angeulizwa.

Matokeo yake yalikuwa daraja la nne, pointi 31. Alikuwa na D nne: Baiolojia, Kemia, Fizikia na Jiografia. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu aliyaangalia kwenye simu, akatuambia kwamba kwa D zile zile, zenye masomo matatu ya sayansi ndani yake, kijana alikuwa amefikia sifa ya chini ya kuomba kozi kadhaa za afya. Alikuwa amekimbia nyumbani akiwa na funguo mfukoni. Mwaka ule ulipita bure kwa sababu baba na mwana hawakuzungumza. Mwaka uliofuata mjomba akalipa ada, na leo kijana yuko chuoni. Baba yake bado husema kwamba mtoto alifeli. Tumejaribu kumweleza ile hesabu ya D nne zaidi ya mara moja. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema alhamdulillah, na wiki inayofuata anasema tena kwamba mtoto alifeli.

Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka mtihani wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitikisika, serikali ikaunda tume, na mwezi wa Mei mwaka huohuo ikaagiza matokeo yale yafutwe na yapangwe upya. Baadhi ya waliokuwa wameitwa wamefeli mwezi wa Februari wakaonekana wamefaulu, kwa karatasi zilezile na majibu yaleyale. Kama alikuwepo binti aliyeozwa kwa hasira katika ile miezi ya katikati, hakuna tume iliyoipanga upya ndoa yake.

Hapa ndipo penye uzito zaidi kwetu, kwa sababu ofisi yetu ndogo ya msikiti, yenye meza moja na kabati la majeneza nyuma yake, ndiyo inayoandika pia karatasi za nikahi. Mtihani huisha Novemba. Majibu hutoka Januari kwa kawaida. Kati ya hapo kuna mwezi wa Desemba, ambao binti wa kidato cha nne huwa yuko nyumbani mchana kutwa, akionekana na kila apitaye, na posa huanza kuingia. Hatuna ubaya na posa. Tumewahi, hata hivyo, kuletewa habari ya posa iliyowekwa kiporo: upande wa mwanamume umeshafika, umepokewa, ukaambiwa usubiri matokeo. Akifaulu, binti ataendelea na shule; akifeli, mahari ipokelewe. Fikiri basi, ndugu msomaji, wanaume wawili wanaswali bega kwa bega alfajiri, mmoja anaomba binti yule afaulu, na mwingine tusiulize anaomba nini.

Tulimtuma ustadha wa madrasa ya kina mama akazungumze na binti peke yake. Alirudi na jibu ambalo limetukaa. Binti alisema kijana aliyeposa hana ubaya, anaswali, ana kazi, na pengine kwa wakati mwingine angemkubali kwa moyo mweupe. Kinachomuuma ni kuingia katika nyumba ya mume kama bidhaa iliyorudishwa kutoka sokoni. Alisema pia kwamba tangu posa ile iwekwe hakuweza tena kukumbuka kama alijibu swali la mwisho la hesabu au aliliruka. Majibu aliyopata Januari ni siri yake na ya wazazi wake, nasi hatuyaandiki.

Ndoa katika dini yetu ni sunna ya Mtume (s.a.w.), na ridhaa ni katika nguzo za heshima yake. Inapokelewa katika vitabu sahihi kwamba Khansa bint Khidam, bibi aliyekuwa amekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake bila kuridhia, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikavunjwa. Hakuwa na daraja la nne, wala sifuri. Alikuwa na neno lake tu, nalo likatosha. Sasa sisi tunaichukua ibada iliyolindwa kiasi hicho, tunaigeuza kiboko. Kisha mwaka wa pili wa ndoa, binti akiichukia nyumba, tunakaa kikao cha usuluhishi na kumsomea thawabu za mke mwema. Amekwisha kufundishwa na baba yake kwamba ndoa ni adhabu, sisi tunamfundisha kwamba ni pepo, anamwamini aliyetangulia. Tena tusisahau kwamba Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Msikiti wowote unaoandika nikahi kwa pupa katika miezi hii unaandika juu ya kaa la moto.

Na madrasa je? Tuseme kwa uwazi: kila mwaka, baada ya Januari, huletwa kwetu vijana wawili watatu ambao wameambiwa kwamba shule imewashinda na sasa wasome dini. Wanakaa nyuma ya darasa wameinamisha vichwa. Si kwamba hawapendi Qur'ani. Wanajua wameletwa pale kama mzigo unavyoteremshwa. Mwalimu anawapokea kwa ukarimu, lakini watoto wadogo nao wana macho, na wanajifunza wasichofundishwa: kwamba dini ni chumba cha waliobaki.

Waliojenga elimu hii hawakuwa waliobaki. Imamu Shafii alilelewa yatima katika umasikini, na akili yake ndiyo iliyomfikisha mbele ya Imamu Malik huko Madina. Hapa kwetu pwani, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912, alisoma shule, akasomea ualimu, akafundisha katika shule za serikali kwa miaka mingi kabla ya kuwa Kadhi. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili iko katika nyumba zetu hadi leo. Chaki ya shuleni na wino wa fatwa vilikuwa katika mkono mmoja. Baadhi yetu katika kamati tumehitimu vyuo vya dini, na tunaweza kushuhudia kwamba hakuna huko mahali pa kujificha. Nahwu haimhurumii mvivu. Kijana aliyekimbia hesabu za sehemu shuleni atazikuta zikimngoja katika mirathi, nusu na robo na thumni, na kosa lake huko linamdhulumu mjane. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, ambacho kimewasomesha vijana wengi wa Afrika Mashariki, humtaka mwombaji cheti cha sekondari. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichofunguliwa katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, nacho kina masharti ya udahili kama chuo kikuu kingine chochote. Kwa hiyo anayetaka mtoto wake awe sheikh, amnunulie mafuta ya taa asome kemia.

Juu ya gereji na ufundi hatuna haja ya kurefusha. Fundi aliyesoma vizuri hachekwi na mtu mjini hapa, na vyuo vya VETA vina foleni zake. Lakini kijana akipelekwa kwa fundi kama anayepelekwa jela, ataushika ufundi kama mfungwa anavyoshika jembe.

Tunaulizwa: basi tufanye nini katika wiki hizi zilizobaki? Nabii Yaakub (a.s.) alipowatuma wanawe Misri aliwaagiza wasiingie wote kwa mlango mmoja, na papo hapo akawaambia kwamba agizo lake haliwezi kuwakinga na lolote alilolitaka Mwenyezi Mungu. Alichukua sababu, kisha akategemea. Sisi katika msimu huu huwa tunaruka la kwanza. Dua imeandikwa katika daftari, kalamu zimesomewa, maji yamenywewa, lakini binti huyohuyo ndiye anayeamshwa saa 10 alfajiri kukanda unga, ndiye anayechota maji, ndiye anayefua nguo za kaka zake, na ndiye anayekaa na mtoto wa dada yake hadi saa 3 usiku. Anapofungua daftari, macho yamekwisha kufunga. Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, akishona kiatu chake mwenyewe. Kaka wa mtahiniwa anaweza kuchota ndoo nne kwa mwezi mmoja na heshima yake ikabaki palepale.

Upande wa pili wako wanaoachiwa saa zote wakazitumia vibaya, hasa vijana wa kiume walioaminishwa kwamba kufaulu ni kukesha. Tumewaona wakisoma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie, chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu pembeni. Alfajiri wanaswali wakiyumba, wengine hawaswali kabisa, na shuleni wanalala juu ya dawati wakati mwalimu anarudia mada ileile waliyoikeshea. Utaratibu wa dini yetu wa kulala mapema baada ya Isha na kuamka kabla ya Alfajiri ulikuwepo kabla ya mitihani hii, na unaufaa vizuri. Saa mbili zinazozunguka Swala ya Alfajiri, nyumba ikiwa kimya, zinashinda usiku mzima wa beseni.

Mzazi asiyejua kusoma madaftari yale naye ana kazi. Mwite mtoto baada ya chakula, mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma leo: damu inazungukaje mwilini, mvua inatoka wapi, Vita vya Maji Maji vilianzia wapi na kwa nini. Ukiona anababaika, ujue bado hajaelewa, hata kama maneno ya Kiingereza ameyakariri yote. Hii ni tuisheni isiyolipiwa, na mama wengi waliojaribu wametuambia kwamba walifurahi kwa nafsi zao, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaeleza mvua inatoka wapi.

Kuna na jambo la aibu ambalo hatuwezi kulipita kimya. Kila Novemba, kwenye simu za vijana, huzunguka watu wanaouza kile wanachokiita karatasi ya mtihani. Mara nyingi ni uongo mtupu, fedha zinaliwa na namba inazimwa. Ikiwa ni kweli, basi ni wizi, na Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya anayekamatwa katika udanganyifu. Kinachotushangaza ni wazazi wanaotoa fedha hizo wao wenyewe, kisha wanakuja kuandikisha dua. Sisi hatujui dua ya kuombea kilichoibwa.

Kamati yetu mwaka huu imefungua ukumbi wa madrasa kwa watahiniwa. Haikupita bila maneno. Mzee mmoja tunayemheshimu alihoji iwapo umeme unaonunuliwa kwa sadaka za waumini unaweza kutumika kwa somo la Fizikia. Imamu alijibu kwamba taa ileile huwaka wakati wa vikao vyetu, na vikao vyetu si vyote vina baraka kama Fizikia. Mzee alicheka, na Ijumaa iliyofuata yeye ndiye aliyetoa fedha za LUKU. Vijana wa kiume hukaa ukumbini baada ya Isha hadi saa 4 usiku. Mabinti wana chumba cha ustadha kuanzia baada ya Alasiri, kwa sababu barabara ya kwetu haina taa; wanaofuatwa na baba au kaka zao hubaki hadi saa 3. Hakuna mawaidha wakati wa kusoma. Tumekubaliana hivyo na masheikh, na haikuwa rahisi kwao.

Lakini ukumbi hauwezi kufanya kazi ya sebule. Kuna neno ambalo mtoto hawezi kulipokea kutoka kwa katibu wa msikiti, wala imamu, wala mwalimu wake. Ni neno la baba au mama, nalo linatakiwa lisemwe sasa, kabla ya karatasi ya kwanza, wakati halijawa faraja ya msiba. Mtoto aambiwe kwa maneno yasiyo na kona: soma kwa nguvu zako zote, na siku ya majibu, yawe yawavyo, utakula chakula cha usiku katika nyumba hii, na kesho yake tutakaa mimi na wewe tuone njia iliyopo. Wapo wanaohofia kwamba neno hili litamlegeza. Katika tuliowaona sisi, waliolegea ni wale waliokwisha kukata tamaa. Anayejua kwamba ana pa kurudi husoma akiwa na akili yote kichwani, nusu yake isishughulike kupanga safari ya kwa mjomba.

Na majibu yenyewe yakitoka, kuna sitara ya kulinda. Baraza huyaweka kwenye tovuti yake kwa jina la shule na namba ya mtahiniwa. Anayeijua namba ya mtoto wako anayajua matokeo yake kabla yako, akiwa kijiweni na kahawa yake. Basi namba ile isisambazwe kwa majirani, kwenye makundi ya simu ya ukoo, wala kwa huyo aliyeposa. Wa kwanza kuyaona awe mtoto mwenyewe, na baada yake wazazi.

Wiki ya matokeo, inshaallah, kamati itaweka meza katika ukumbi wa madrasa kwa siku tatu, baada ya Magharibi, tukiwa na mwongozo wa udahili wa vyuo vya kati na orodha ya kozi za VETA, pamoja na maelezo ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu yule aliyemsomea kijana wetu zile D nne amejitolea kukaa nasi siku zote tatu. Hakutaka posho. Ameomba jambo moja tu, kwamba asiletewe mzazi peke yake wala mtoto peke yake. Waje wawili, wakae upande mmoja wa meza.